Nadaiwa kodi ya miezi saba kwenye nyumba ya umma hapa Mbeya, notisi ya siku 30 iko mlangoni. Naombeni msaada wa mawazo

Mama Atupele
Jumapili, saa 3:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za jioni.

Naandika nikiwa jikoni, watoto wamelala. Naomba mnisome hadi mwisho.

Tunaishi kwenye nyumba ya umma, vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili, maeneo ya Uhindini. Taasisi yenyewe sitaitaja maana sijaja kumshtaki mtu. Kodi ni Sh 120,000 kwa mwezi. Aliyepangishwa ni marehemu baba yangu, enzi hizo akiwa mtumishi wa TAZARA. Alifariki 2019, mimi na mume wangu tukaendelea kukaa na kulipa. Mkataba hadi leo una jina lake.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, njia ya Tunduma. Mwaka huu tajiri wake kauza magari, madereva wakaambiwa kazi imeisha. Mimi ni mama lishe, nauza chakula karibu na Kabwe. Siku nzuri nabaki na elfu kumi na tano, siku ya mvua hata elfu nne siioni. Humo humo kuna michango ya shule, LUKU, mkaa, na mchele wa kupika kesho. Kodi ndiyo ikawa inasukumwa. Mwezi wa kwanza nikasema nitafidia ujao. Ujao ukaja na homa ya mtoto, tukalala hospitali siku nne.

Ijumaa nimerudi na masufuria kichwani nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, juu kidogo ya kitasa. Wameipaka gundi pembe zote nne, haibanduki bila kuchanika. Inasema nadaiwa Sh 840,000, nilipe yote ndani ya siku 30 au niondoke. Majirani wote wanaopanda ngazi wameisoma. Binti yangu wa darasa la tano kanisomea kwa sauti akidhani sijaiona.

Kosa langu nalijua. Miezi yote hiyo sijakanyaga ofisini kwao. Nilikuwa nasubiri nipate hela ndipo niende. Hela haikuja na mimi sikwenda.

Nina siku 28 zimebaki. Mkononi nina Sh 85,000. Nifanyeje?

---

Kijana wa Isanga
Jumapili, saa 4:05 usiku

Pole sana mama. Mawili ya haraka. Kuna watu wa mikopo ya papo kwa papo pale mjini, unaweka tivii au friji unapata laki tano siku hiyo hiyo. Au chumba kimoja mpangishie mwanachuo wa MUST, hao wanalipa miezi sita kwa mkupuo, deni karibu lote linaondoka.

---

Mkinga wa Mwanjelwa
Jumapili, saa 4:31 usiku

Mdogo wangu Mama Atupele, usiende huko kwenye kukopa kwa friji. Hiyo ndiyo tunaiita kausha damu. Nimeona mwenzangu sokoni kakopa laki tatu kulipa kodi ya fremu, anarudisha kila siku jioni, siku akikosa anapigwa faini, miezi minne baadaye kalipa zaidi ya laki sita na friji limekwenda. Kodi ya mwezi uliofuata akawa hana vilevile. Ulikuwa na deni moja, unabaki na mawili, na la pili halina huruma.

Kesho nikitulia nitakuandikia jinsi mimi nilivyotoka kwenye deni langu. Lala kwanza.

---

Mzee wa Forest
Jumatatu, saa 11:50 alfajiri

Marahaba, binti yangu.

Mimi ni mstaafu. Miaka mingi nimekaa kwenye meza ya madai ya kodi za nyumba za umma, si hapa Mbeya. Nataka nikuonyeshe mambo yanavyokwenda upande wa pili wa dirisha, kwa sababu wapangaji wengi hawajui na ndiyo inayowaponza.

Kila mwisho wa mwezi inatolewa orodha ya wadaiwa. Imepangwa kwa umri wa deni: mwezi mmoja, miwili, mitatu, zaidi ya mitatu. Ukivuka mitatu jina lako linahamia ukurasa ambao bosi anausoma mwenyewe. Anaomba faili. Sasa sikiliza hapa. Akifungua faili akakuta barua yako, hata ya mistari minne, ana kitu cha kujadili. Anaweza kuandika pembeni "aitwe" au "apewe muda". Akikuta notisi zetu peke yake, hana pa kushika. Kwake wewe ni mtu aliyekaa kimya. Nimeshuhudia mpangaji wa miezi kumi na minne akibaki ndani ya nyumba yake na wa miezi mitano akitolewa vyombo. Wa kwanza alikuwa anakuja kila mwezi, mara nyingine na elfu ishirini tu, na kila alipokuja aliacha karatasi.

Kwa hiyo usisubiri laki nane. Nenda leo au kesho na hiyo 85,000 yako. Beba mkataba, kitambulisho cha taifa, cheti cha kifo cha baba, notisi ilivyo hata kama imechanika, na kila risiti uliyo nayo. Kabla hujazungumza habari ya deni, omba wakutolee taarifa ya akaunti ya mpangaji, ile wanayoiita stetimenti, ya tangu siku ulipoanza kuchelewa. Isome mstari kwa mstari ukiwa hapo hapo. Deni lililoandikwa kwenye notisi ni namba iliyotoka kwenye kompyuta, na kompyuta inajua kile ilichoingiziwa tu.

Kisha toa barua yako. Iwe na kiasi unachotoa leo, kiasi utakachotoa kila mwezi juu ya kodi ya mwezi husika, na tarehe. Kodi ya mwezi unaoendelea iende kwanza, deni la zamani lifuate. Ukifanya kinyume, unapunguza la zamani huku jipya linaota, na kwenye orodha unaonekana hujasogea.

Nakuomba sana usiahidi kiasi cha kumfurahisha ofisa. Watu wengi wakifika dirishani wanaona aibu, wanataja laki mbili kwa mwezi. Mwezi wa pili wanakosa, na hapo faili linafungwa vibaya kuliko mwanzo. Taja kiasi ambacho hata mvua ikinyesha wiki nzima utakipata.

La mwisho: nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usiondoke bila muhuri.

Na wewe kijana wa Isanga, najua una nia njema. Ila mikataba mingi ya nyumba za umma inakataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi. Akigundulika mwanachuo humo ndani, mama hatolewi tena kwa deni, anatolewa kwa kuvunja mkataba, na hapo hata barua nzuri haimsaidii.

---

Kijana wa Isanga
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Nimekuelewa mzee. Hilo la mkataba sikulijua. Mama samahani.

---

Mama Atupele
Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Hakuna samahani mwanangu, hata mimi nilishaanza kuulizia wanachuo. Mzee ndaga fijo. Nakwenda kesho, leo nina oda ya chakula cha msiba siwezi kuiacha.

---

Msaidizi wa Kisheria, Iringa
Jumatatu, saa 7:20 mchana

Kamwene ndugu zangu.

Nami niongeze upande wa sheria, kwa sababu hapa kwetu Iringa napokea watu wa namna hii karibu kila wiki na wengi wanakuja wamechelewa.

Kwanza, wazee wengi bado wanauliza baraza la kodi liko wapi. Halipo. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005. Tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba unasimama juu ya mkataba wenu pamoja na Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo ina sehemu nzima ya upangaji. Mkataba ndio kitabu chako. Usome leo usiku, hasa kipengele cha kuchelewa kodi na kipengele cha notisi. Angalia kama siku walizokupa zinalingana na zilizoandikwa humo.

Pili, mgogoro wa nyumba unasikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chini ya sheria ya 2002. Baraza la kata, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, haliamui tena. Usidharau usuluhishi lakini. Makubaliano ya kulipa kidogo kidogo mara nyingi yanapatikana kwenye meza ya namna hiyo kuliko penye hukumu. Na Sheria ya Ardhi inampa mpangaji nafasi ya kuomba nafuu pale upangaji wake unapotaka kusitishwa. Ukifika kwenye chombo cha sheria ukiwa na barua zenye muhuri na risiti za malipo madogo madogo, unaombea nafuu ukiwa na ushahidi wa nia.

Tatu, dalali. Akija mtu kutoa vyombo, muombe akuonyeshe karatasi iliyomtuma na kitambulisho chake, zipige picha. Vyombo vikichukuliwa, dai orodha iliyosainiwa, kila kitu kwa jina lake: godoro futi tano kwa sita, masufuria manane, cherehani. "Vitu mbalimbali" si orodha. Usipigane nao na usifunge mlango ukakimbia, piga simu kwa mwenyekiti wa mtaa aje ashuhudie.

Nne, na hili ndilo linanitia wasiwasi zaidi kwako kuliko hata deni: jina la marehemu. Nyumba ya kupanga hairithiwi kama shamba au kiwanja. Kwenye miji yetu jambo hili ni la kawaida sana. Majengo mengi ya katikati ya miji yalitaifishwa kwa sheria ya 1971, yale yenye thamani ya kuanzia Sh 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Msajili huyo 1990 akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe ni la 1962. Pembeni kuna nyumba za halmashauri, na tangu 2002 kuna Wakala wa Majengo Tanzania wenye nyumba za watumishi. Kizazi cha kwanza cha wapangaji kimezeeka na kufariki, watoto wamebaki ndani, mkataba haujaguswa. Siku ya deni ndipo swali la wewe ni nani linaulizwa. Kwa hiyo pamoja na barua ya deni peleka barua ya pili ya kuomba mkataba uandikwe kwa jina lako. Ambatisha cheti cha kifo, cheti chako cha kuzaliwa, barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema umeishi hapo tangu lini, na risiti ulizolipa baada ya 2019. Hizo risiti zinaonyesha kwamba wamekuwa wakipokea kodi kutoka kwako miaka yote hiyo.

Huduma yetu ni bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo iliyotutambua wasaidizi wa kisheria, na ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imefikisha huduma hii kwa watu wengi. Mbeya mpo wa kutosha, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri wakuelekeze kwa aliyesajiliwa. Akikuomba hela ya "kufungua faili", ondoka.

---

Mnyakyusa wa Leicester
Jumatatu, saa 5:10 usiku

Mama Atupele, mimi ni mtu wa Tukuyu, niko Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja. Nakaa kwenye nyumba ya chama cha nyumba za jamii, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Nimesoma uzi wako nikalia, kwa sababu 2022 nilikuwa mahali ulipo.

Walinipunguzia saa za kazi, nikarudi nyuma kodi ya karibu miezi miwili. Barua zilikuwa zinakuja naziweka kwenye droo bila kufungua. Ndiyo, droo ikajaa. Siku niliyoshika simu nikapiga, mikono inatetemeka, yule dada aliyepokea akaniuliza swali moja tu: "Unaweza kulipa kiasi gani kwa wiki ukabaki na chakula?" Nikasema pauni nane. Akaandika pauni nane.

Huku kuna mambo ambayo nyumbani hayapo. Mwenye nyumba za jamii haruhusiwi kukimbilia mahakamani, kuna utaratibu wa mahakama unaomtaka kwanza amtafute mpangaji, waelewane malipo anayoyaweza na amsaidie kufuatilia ruzuku anazostahili. Halmashauri ilikuwa na fungu la kumwongezea msaada wa pango mtu aliyekwama, mimi nilipewa la miezi mitatu. Na tangu Mei 2021, England na Wales, mwenye madeni akipitia kwa mshauri wa madeni anaweza kupewa siku 60 za kupumua, wadai wengi hawamgusi na riba inasimama. Kodi ya mwezi unaoendelea lazima ulipe hata ndani ya siku hizo.

Sisemi ili mtamani. Ruzuku ya serikali inayoitwa Universal Credit malipo ya kwanza unayasubiri wiki tano hivi, na hapo ndipo wengi wanapoanzia deni. Ukiwa na chumba kimoja kinachohesabiwa cha ziada wanakukata asilimia 14 ya msaada wa pango, vikiwa viwili au zaidi asilimia 25. Nimemuona mama wa makamo akihama mtaa aliokaa miaka thelathini kwa sababu watoto walikua wakaondoka.

Ninachotaka ukichukue kwangu ni ile pauni nane. Ilikuwa ndogo hadi naona haya kuitamka, lakini niliilipa kila Ijumaa bila kukosa, na hakuna aliyenigusa.

---

Mwalimu wa Kihesa
Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Sisi hatuna fungu la pango, kweli, ila kuna milango.

Mume wako alipokuwa dereva aliajiriwa kwa mkataba? Alikuwa anakatwa NSSF? Kama ndiyo, na kazi imekoma bila yeye kuacha mwenyewe, lipo fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Madereva wengi hawalijui, wanakaa kijiweni wanasubiri kuitwa. Aende akaangalie michango yake leo.

Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ule wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ulirudi 2024 baada ya kusimamishwa. Hauna riba. Lakini huo ni wa kikundi na ni wa biashara. Ukiuingiza kwenye kodi utawaingiza wenzako wote kwenye deni. Uombe kwa ajili ya kupanua chakula chako, kodi itoke kwenye faida.

Nasi watumishi tunaokaa nyumba za serikali tusijione salama. Kodi inakatwa kwenye mshahara, mtu anasahau kabisa, halafu anachukua mikopo hadi mshahara unagusa theluthi moja ambayo haitakiwi kukatwa. Makato ya nyumba yakikosa nafasi hapo, deni linakua bila wewe kujua. Mwenzangu alihamishwa kituo ndipo akaambiwa anadaiwa miezi tisa. Walimu, angalieni hati zenu za mishahara mstari wa kodi kama upo.

---

Mkinga wa Mwanjelwa
Jumanne, saa 2:10 usiku

Nilisema nitaandika.

Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 nilikuwa na vitenge na mashuka, mali ya mkopo. Asubuhi ile nilisimama na wenzangu tunatazama mabati yaliyopinda, hata mkasi wangu sikuupata. Nyumba niliyopanga nikawa nadaiwa miezi mitano. Kilichonitoa ni hiki: kodi niliacha kuitafuta mwisho wa mwezi. Nilianza kuitoa kila siku jioni, kabla sijanunua mali ya kesho.

Kwako hesabu yake iko hivi. Ukikubaliana nao 120,000 ya mwezi na 40,000 ya deni, jumla 160,000. Unafanya kazi siku 26. Ni kama Sh 6,200 kwa siku. Ukifunga sufuria, kabla hujahesabu faida, elfu sita na mia mbili inaingia kwenye kibubu. Siku ya mvua umepata elfu nne, weka elfu mbili na uandike kwenye daftari unadaiwa na kibubu elfu nne na mia mbili, siku ya gulio unairudisha. Ukiisubiri laki na sitini uione mzima mzima tarehe 30, hutaiona maisha. Ikija vipande vipande inawezekana.

Kibubu kisikae nyumbani kwako. Kipe mtu. Cha kwangu alikaa nacho mama mmoja wa kanisani ambaye hata nikilia hakunipa.

---

Mama Atupele
Jumatano, saa 3:05 usiku

Nimetoka huko jana na leo tena. Naomba niwaeleze yote.

Jana nilifika saa mbili na nusu. Niliomba stetimenti kama mzee alivyosema. Yule ofisa, kijana mpole tu, alinitolea kurasa tatu. Nilikaa kwenye benchi na kopo langu la maziwa ya unga ambamo naweka risiti tangu baba akiwa hai. Nikaanza kuweka tiki kwa kalamu. Mwezi wa pili upo. Wa tatu upo. Wa nne haupo. Nikafungua simu, nikarudi nyuma kwenye ujumbe wa malipo, wa nne huu hapa, Sh 120,000, nimelipa kwa wakala. Wa tano vilevile haupo, na ujumbe ninao. Mwili ulinisisimka.

Nikarudi dirishani. Kijana akalinganisha kumbukumbu namba iliyo kwenye ujumbe na ya kwangu. Tarakimu mbili zimepishana. Wakala alikosea mwezi wa nne, na wa tano nikalipa kwa kunakili namba ile ile kutoka kwenye ujumbe wa zamani. Hela ilikuwa imeingia kwa mtu mwingine kabisa. Akaniambia niandike barua niambatishe picha za ujumbe, wakaikagua, leo wamenirudishia kwenye akaunti yangu. Deni si miezi saba tena. Ni mitano, Sh 600,000.

Nilikuwa nalala na deni la 840,000 kifuani kumbe 240,000 nilishalipa kwa jasho langu.

Barua yenyewe niliandika hivi, labda itamfaa mwingine:

"Mimi ni mpangaji wa nyumba tajwa hapo juu. Nakiri kudaiwa kodi ya miezi mitano, Sh 600,000. Nilichelewa kwa sababu mume wangu aliachishwa kazi na mtoto aliugua. Nakiri pia kwamba sikufika ofisini kueleza, naomba radhi. Leo nalipa Sh 120,000. Kuanzia mwezi ujao nitalipa kodi ya mwezi Sh 120,000 pamoja na Sh 40,000 za deni, kabla ya tarehe 5, kwa miezi 12 hadi deni liishe. Naomba notisi isitishwe ili nitekeleze ahadi hii."

Ile 120,000 ilikuwa 85,000 yangu na 35,000 aliyonikopesha dada wa kikoba chetu bila riba. Bosi alinipokea mwenyewe. Kasoma, kaniuliza, "Arobaini utaiweza?" Nikamwambia elfu sita na mia mbili kwa siku, nikamwonyesha daftari. Akatabasamu akasaini. Notisi imesitishwa kwa sharti kwamba nikikosa mwezi mmoja bila kutoa taarifa inarudi pale pale. Barua ya kubadilisha jina wamepokea, wamegonga muhuri, wamesema itapita kwenye kikao.

Mume wangu yuko NSSF. Ana michango ya miezi 26. Fomu kachukua.

Mzee wa Forest, baba yangu, sijui nikulipe nini. Binti ndiye aliyebandua karatasi mlangoni, kwa kitambaa cha maji ya moto. Pembe moja imekataa, bado ipo.

---

Mzee wa Forest
Jumatano, saa 3:50 usiku

Umeshalipa, kwa kuandika hapa. Hilo la tarakimu mbili limeniuma kwa sababu nimeliona mara nyingi mno. Usinakili tena namba kutoka kwenye ujumbe wa zamani. Kila unapolipa soma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, na usubiri jina litokee kabla ya kubonyeza. Kila baada ya miezi mitatu kaombe stetimenti hata kama hudaiwi.

Na ikitokea mwezi huwezi, nenda tarehe 3 ukaseme, usiende tarehe 8.

---

Mpangaji wa Njombe
Alhamisi, saa 1:00 asubuhi

Dogo la kuongezea. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ambayo 2023 ilipanda kutoka Sh 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisheria ni ya mwenye jengo. Kama mita iko kwa jina lako na unakatwa wewe, tunza risiti na uulize kwa maandishi kama inafidiwa kwenye kodi ya pango. Elfu kumi na nane kwa mwaka kwa mama lishe si hela ndogo.

---

Mama Atupele
Wiki tano baadaye, Jumapili, saa 2:20 usiku

Nimelipa mwezi wa kwanza tarehe 3. Sh 160,000, namba nimesoma kwa sauti hadi wakala akanishangaa. Limebaki 440,000.

Kuna wiki ya mvua mfululizo watu hawakutoka kabisa, kibubu kikawa kinanidai elfu kumi na tisa. Nimeirudisha kwa chakula cha harusi Iyunga. Fao la mume wangu malipo ya kwanza yametoka, tumekubaliana lisiguse kodi, linunue gesi na sufuria kubwa la pili ili kodi iendelee kutoka kwenye chakula. Mkataba wa jina bado, nimepita mara mbili kuuliza.

---

Mdada wa Mlandege
Jumapili, saa 2:55 usiku

Dada Mama Atupele, nimesoma uzi wote. Niko Iringa, nyumba ya umma pia, nadaiwa miezi minne na sijaenda ofisini. Risiti zangu nyingi zimepotea, nyingine zimefifia hazisomeki. Je, nikienda mikono mitupu si nitaonekana muongo?

---

Mama Atupele
Jumapili, saa 3:10 usiku

Mdogo wangu, zilizofifia usitupe, beba. Simu uliyokuwa unalipia unayo? Laini ni ile ile? Basi kesho asubuhi pita kwanza kwenye duka la mtandao wako wakutolee orodha ya malipo ya mwaka mzima, halafu nenda nayo ofisini. Umuone pia yule ndugu msaidizi wa kisheria, yuko hapo hapo Iringa, mwandikie hapa akuelekeze. Una hela kiasi gani mkononi?

---

Mdada wa Mlandege
Jumapili, saa 3:14 usiku

Elfu thelathini.

---

Mama Atupele
Jumapili, saa 3:15 usiku

Nenda nayo. Na barua uandike usiku huu, ukishamaliza iweke hapa tuisome pamoja.